Kodi ya Jengo na Dizeli ya Gari la Wagonjwa Tunduma

Mkazi wa Sogea, Tunduma, akinunua umeme wa shilingi 5,000 mara ya kwanza ndani ya mwezi, ujumbe wa LUKU humletea VAT, EWURA, REA na makato mengine ya shilingi 1,500. Hiyo 1,500 ndiyo kodi ya jengo. Ilianza kukatwa kwenye umeme Agosti 2021, shilingi 1,000 kwa mwezi. Mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida. Mpangaji hukatwa kwanza, mengine ayamalize mwenyewe na baba mwenye nyumba.

Kiwango hiki hutungiwa sheria bungeni. Nyumba ya vyumba viwili Sogea na jumba la kifahari Masaki hulipa sawa, mradi zote si ghorofa. Ni kodi nyepesi kukusanya, maana haihitaji mthamini wala mtendaji wa mtaa kuzunguka na ankara. Lakini mji ukinenepa, kodi haiongezeki kwa thamani. Hata viwanja vya kuelekea Mpemba vikipanda bei, halmashauri haina mamlaka ya kugusa kiwango. 

Sasa tupige hesabu ya gari la wagonjwa. Kutoka Tunduma hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ni zaidi ya kilomita 100. Tuchukulie Land Cruiser inatumia lita moja kwa kilomita 7: kwenda na kurudi ni lita 30 hivi. Dizeli ikiwa shilingi 3,000, safari moja ni 90,000, kodi ya mwaka mzima ya nyumba tano. Hapo hujahesabu posho ya dereva na muuguzi, oksijeni wala matairi. Wala muda wa kujipenyeza kwenye foleni ya malori.

Kwingineko kodi ya majengo hulipia huduma hiyo moja kwa moja: katika Jimbo la Washington, Marekani, sheria inaruhusu kodi ya majengo mahsusi kwa huduma za dharura, isiyozidi senti 50 kwa kila dola 1,000 za thamani. Wapiga kura wa King County, uliko mji wa Seattle, huiidhinisha upya kila baada ya miaka kadhaa. Hata huko kuna kufuli: tangu kura ya mwaka 2001, makusanyo kwa majengo yaliyopo hayaruhusiwi kukua zaidi ya asilimia 1 kwa mwaka bila ridhaa ya wananchi, hata mafuta na mishahara vikipanda zaidi.

Kwetu, mfano wenye afya zaidi ni m-mama, mpango wa usafiri wa dharura kwa wajawazito uliozinduliwa kitaifa Aprili 2022. Mjamzito hupiga 115 bure. Gari la wagonjwa lisipokuwepo, dereva wa teksi wa jamii humchukua na kulipwa kwa simu. Majeruhi wa ajali Mlima Senjele, kwenye barabara ya TANZAM ya kwenda Mbeya, hana mpango wa namna hiyo. Mara nyingi hubebwa na gari lolote litakalosimama.

Ndiyo maana sioni busara kumbebesha mwenye nyumba wa Tunduma mzigo wa barabara ya TANZAM. Wengi wanaoumia pale wanapita tu, wakielekea Zambia au Kongo. Malori yao yana bima ya lazima, au kadi ya njano ya COMESA, lakini fidia huja baada ya madai, ilhali dizeli inahitajika usiku huohuo. Ningetenga sehemu ya ushuru wa maegesho ya malori iwe akiba ya kutanguliza gharama, kisha mwanasheria wa halmashauri aidai bima.