Mchezo Uwafuate Watu Walipo
Husikika lawama kwamba wananchi hawapendi michezo ya kuigiza. Mwaka 1965 wanafunzi wa Makerere, pamoja na mwalimu wao David Cook, walithibitisha kinyume chake. Walizunguka Uganda na Kenya wakionyesha michezo bila kiingilio, kwa Kiingereza, kwa Kiswahili na kwa lugha za wenyeji. Hawakungoja watu waje mjini. Waliwafuata makwao na kusema nao kwa lugha wanayoielewa.

Kambi zetu nazo zina viwanja, ngoma na vijana wenye vipaji. Askari atokapo zamu, na aketi na jamaa zake kutazama mchezo unaohusu maisha yao. Watoto wazoeao kutazama wangali wadogo ndio watakaojaza majumba ya michezo kesho. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.