KABURI LA BABU LIKO WAPI?

Wahenga walisema kwamba mwacha asili ni mtumwa. Katika nyumba nyingi za Arua na Koboko, kaskazini-magharibi ya Uganda, maana ya msemo huu huonekana pale mtoto anapouliza swali lililo jepesi kwa sura: babu alizikwa wapi? Wako wazee ambao huinuka wakamwonyesha mahali penyewe, hatua chache kutoka nyumbani. Wako pia wanaonyamaza, kwa kuwa babu huyo alifia mbali, na waliomzika hawajulikani.

Watu wa West Nile hawalihesabu kaburi kuwa ni shimo la kufukia mwili tu. Walugbara huzikana nyumbani, na nasaba yao hupanda baba kwa baba hadi kwa mashujaa wawili, Jaki na Dribidu. Masimulizi yao huifungamanisha mauti ya wawili hao na milima miwili mikubwa, Liru ulio upande wa Koboko, na Eti. Basi hata mwanzo wa kabila zima umewekewa alama mahali walipolala waliotangulia.

Jambo hili lina uzito wake katika maisha ya kila siku pia. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 zinaitambua ardhi inayomilikiwa kwa mila. Ardhi ya namna hiyo aghalabu haina hati. Panapozuka ugomvi wa mpaka, wazee huyaendea makaburi na kusema: waliolala hapa ni wetu. Ukoo uliosahau makaburi yake hupungukiwa na shahidi.

Sababu za makaburi kupotea ni nyingi, lakini mbili zimezidi nyingine. Ya kwanza ni kazi za mbali. West Nile iliunganishwa na Uganda mwaka 1914, na tangu hapo vijana wengi walitoka kwenda kwenye mashamba ya miwa ya Lugazi na Kakira, au kuandikishwa katika jeshi la King's African Rifles, ambalo wengi hulijua kwa jina la Keya. Katika Vita Kuu ya Pili, askari wa Afrika Mashariki walipelekwa hadi Burma, ambako mwaka 1944 Divisheni ya 11 ilipigana katika bonde la Kabaw. Wako waliotoka nyumbani kwa miguu, wala hawakuonekana tena.

Sababu ya pili ni ukimbizi. Baada ya serikali ya Idi Amin kuangushwa mwezi Aprili 1979, na hasa baada ya mapigano ya Oktoba 1980, watu wengi sana wa Arua na Koboko walivuka mipaka kuingia Sudan na Zaire, nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wengi walikaa huko miaka mingi. Waliofariki njiani walizikwa kwa haraka kando ya njia, na waliofariki makambini walizikwa katika ardhi ya watu. Waliobaki nyuma nao hawakusalimika. Tarehe 24 Juni 1981 watu waliokimbilia misheni ya Ombaci, karibu na mji wa Arua, waliuawa humo humo.

Je, jamaa anayetaka kulitafuta kaburi aanzie wapi? Aanzie kwa wazee, na aanze mapema, kwa maana kila mzee anayefariki huondoka na daftari lake. Yafaa kila mmoja aulizwe peke yake, kisha maneno yao yalinganishwe. Mzee asiyejua mwaka asishurutishwe kuutaja. Aulizwe kama ilikuwa kabla ya kukimbia au baada ya kurudi, wakati wa mvua au wa kiangazi, na nani aliyekuwa mjamzito siku zile. Kwa mizani hiyo mwaka hukaribia kujulikana.

Majina nayo husema. Kwa Walugbara mtoto hupewa jina kufuatana na hali ya nyumba wakati wa kuzaliwa kwake. Majina yanayoanza na Dra hubeba neno la kifo, na Candia ni jina la dhiki. Mtu mwenye jina la namna hiyo huenda alizaliwa katika msiba ule ule unaochunguzwa.

Baada ya wazee hufuata karatasi. Parokia za Kikatoliki huwa na vitabu vya ubatizo, ndoa na vifo, na Jimbo la Arua limekuwapo tangu mwaka 1958. Nyaraka za serikali zilizokuwa zikihifadhiwa Entebbe sasa ziko katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Wandegeya, Kampala. Kwa aliyefia jeshini, iko Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyoundwa mwaka 1917, ambayo orodha yake hutazamwa bila malipo. Jina litafutwe kwa tahajia nyingi, kwa sababu makarani waliandika kadiri walivyosikia.

Hata hivyo, kutolikuta jina si dalili kwamba mtu hakuwapo. Mwaka 2021 Tume hiyo ilitoa taarifa iliyokiri kwamba Waafrika na watu wengine wasiopungua 116,000 waliokufa kwa ajili ya Vita Kuu ya Kwanza hawakuandikwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa askari na wapagazi wa Afrika Mashariki.

Wala upungufu huu si wa Afrika peke yake. Huko Ireland, jengo la nyaraka za taifa mjini Dublin liliteketea mwezi Juni 1922 katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na sehemu kubwa ya hesabu za watu za karne ya kumi na tisa ikawa majivu. Wajukuu wa Waayalandi waliotawanyika duniani hutegemea vitabu vya makanisa na maandishi ya mawe ya makaburini. Karatasi ikiungua, jiwe hubaki.

Likipatikana kaburi, lisifukuliwe kwa pupa. Kuhamisha mifupa kunahitaji kibali cha wenye mamlaka, na neno moja la ukoo mzima. Lililoko ng'ambo ya mpaka litembelewe kwa adabu, baada ya kumwona mwenye ardhi, kwani ndiye aliyelilinda miaka yote hiyo. Lisipopatikana, jina liandikwe nyumbani pamoja na majina ya waliozikwa pale.

Leo njia imegeuka. Tangu mwaka 2016 maelfu kwa maelfu ya watu wa Sudan Kusini wamekimbilia West Nile, na Wakongo wamepokewa Lobule, wilayani Koboko. Nao wanazika wafu wao katika ardhi ya watu. Kipande cha saruji kilichoandikwa jina, mwaka na kijiji alikotoka marehemu, kabla saruji haijakauka, hakigharimu sana. Maneno hayo hayo yakinakiliwa katika madaftari matatu, yakawekwa katika nyumba tatu, mjukuu atakayekuja kuuliza hatakosa wa kumwonyesha.