Mkamata-nzi wa Böhm: Ndege wa Miombo Ambaye Sayansi Ilimjua Kutoka Tabora

Mkoa wa Tabora unafahamika kwa asali, tumbaku, maembe na njia kuu ya misafara iliyounganisha Bagamoyo na Ujiji katika karne ya 19. Jambo lisilofahamika na wengi ni kwamba misitu yake ya miombo imo pia katika kumbukumbu za wanasayansi wa dunia, kwa kuwa baadhi ya viumbe waliandikwa vitabuni kwa mara ya kwanza kutokana na vielelezo vilivyokusanywa huku. Mmojawapo ni ndege mdogo, mkimya na asiye na rangi za kuvutia macho: mkamata-nzi wa Böhm, ambaye jina lake la kisayansi ni *Bradornis boehmi*. Makala hii inaeleza ndege huyo ni nani, yuko katika kundi gani, na kwa nini uhai wake unategemea uamuzi wa kila kaya inayotumia msitu.

Sura na tabia zake

Mkamata-nzi wa Böhm ana urefu wa takribani sentimita 13. Mgongo wake ni wa kahawia iliyochanganyika na kijivu, na tumbo lake ni jeupe. Alama inayomtambulisha ni madoa meusi yenye umbo la matone, yaliyotapakaa kifuani na ubavuni. Hukaa kimya juu ya tawi, akiangalia huku na huko, kisha huchomoka ghafla kumkamata mdudu na kutulia tena.

Ni rahisi kumchanganya na ndugu yake mgeni, *Muscicapa striata*, ambaye huzaliana Ulaya na Asia na kuja Afrika kukwepa majira ya baridi. Mgeni huyo huonekana nchini kuanzia takribani Oktoba hadi Aprili, na kifua chake kina michirizi myembamba badala ya matone. Mwenyeji wa miombo hasafiri kwenda mbali namna hiyo. Huwapo kiangazi na masika.

Anayetaka kumwona anahitaji subira. Katika miombo mtu anaweza kutembea muda mrefu bila kusikia hata mlio mmoja, kisha miti michache ikajaa ndege wa aina nyingi kwa pamoja. Ndege wengi wa miombo hutafuta chakula wakiwa katika makundi mchanganyiko yanayohama mti hadi mti.

Nafasi yake katika uainishaji

Wataalamu huwapanga ndege katika oda, familia, jenasi na spishi. Mkamata-nzi wa Böhm yumo katika oda ya Passeriformes, yenye zaidi ya nusu ya spishi zote za ndege duniani. Ndani ya oda hiyo yumo katika tawi la ndege waimbaji, yaani wale wenye kiungo cha sauti chenye misuli mingi inayowawezesha kutoa nyimbo za namna nyingi. Kuitwa mwimbaji hakumaanishi kuwa sauti yake ni kubwa. Uainishaji hufuata ukoo na maumbile, na kwa msingi huo kunguru naye ni ndege mwimbaji.

Familia yake ni Muscicapidae, yenye spishi zaidi ya 300 barani Afrika, Ulaya na Asia. Suala la jenasi limewasumbua zaidi wataalamu. Kwa muda mrefu vitabu vilimweka katika *Muscicapa*, pamoja na yule mgeni wa Ulaya, kwa sababu wanafanana. Baada ya watafiti kulinganisha vinasaba, ilionekana kuwa kufanana huko si ushahidi wa udugu wa karibu, na orodha za kimataifa zikamweka katika *Bradornis*. Msomaji atakayekuta majina mawili katika vitabu tofauti afahamu kuwa ndege ni yule yule.

Asili ya jina

Richard Böhm alikuwa mtaalamu wa wanyama kutoka Ujerumani. Mwaka 1880 yeye na wenzake walifuata njia ya misafara kutoka pwani hadi Tabora, kisha wakaweka vituo Kakoma na Igonda, kusini-magharibi mwa mji. Humo Böhm alikusanya ndege na mimea. Vielelezo kama hivyo vilikaushwa, vikafungwa na kurudishwa pwani kwa njia ile ile iliyopitisha pembe za ndovu, mabegani mwa wapagazi, ambao wengi wao walikuwa Wanyamwezi.

Böhm alifariki tarehe 27 Machi 1884 akiwa Katanga, akiwa na umri wa miaka 29. Mwaka huo huo Anton Reichenow, mtaalamu wa ndege katika makumbusho ya Berlin, alichapisha maelezo ya ndege huyu na kumpa jina la mkusanyaji. Baadaye mti mmoja ulipewa jina hilo hilo, *Brachystegia boehmii*. Mti huo ndio myombo, unaofahamika kwa wafugaji nyuki na wasokota kamba kwa ajili ya magome yake, na ndio ulioipa misitu yote ya aina hii jina la miombo. Wenyeji waliujua na kuutumia kabla msafiri yeyote hajafika. Sayansi iliongeza jina la Kilatini.

Makazi yasiyo na mbadala

Ndege huyu hupatikana katika ukanda wa miombo wa Tanzania, Kongo, Zambia, Malawi na Angola. Kimataifa hayumo katika kundi la spishi zilizo hatarini kutoweka. Hata hivyo, hali ya dunia nzima haimlindi katika kijiji kimoja kimoja. Yeye ni ndege wa miombo iliyokomaa, na miombo inapogeuzwa kuwa shamba tupu, hana makazi mengine ya kuhamia.

Mashinikizo dhidi ya misitu yanafahamika: upanuzi wa mashamba, uchomaji mkaa, kuni za kukaushia tumbaku katika mabani, na moto kichaa. Kampeni za kupanda miti husaidia sana, kwani shamba la mikaratusi likitoa kuni za bani, msitu wa asili hupumzika. Lakini ni vyema kutofautisha mambo mawili. Idadi ya miche iliyopandwa hupima kuni zitakazopatikana kesho. Haipimi miombo iliyobaki. Shamba la miti ya kigeni haliwi makazi ya mkamata-nzi wa Böhm, wala halitoi magome ya myombo.

Habari njema ni kwamba miombo hujirudisha yenyewe. Mti uliokatwa huchipua kutoka kwenye kisiki na mizizi, mradi kisiki hakikung'olewa na machipukizi hayakuunguzwa kila mwaka. Wananchi wanaotunza ngitili wanajua ardhi inavyofunikwa tena ikipumzishwa. Hata hivyo, machipukizi huhitaji miaka mingi kuwa msitu mrefu, hivyo kulinda ulio wima ni rahisi kuliko kusubiri mwingine.

Wajibu wa kila mmoja

Wananchi wanakumbushwa kuacha visiki wanapovuna, kusafisha njia za kuzuia moto mapema kabla nyasi hazijakauka kabisa, na kutochoma mashamba mwishoni mwa kiangazi, wakati moto huwa mkali na huunguza machipukizi na mizinga kwa pamoja. Uvunaji wa mazao ya misitu kwa biashara unahitaji leseni. Aidha, Sheria ya Misitu Namba 14 ya mwaka 2002 inaviruhusu vijiji kutenga na kusimamia hifadhi zao za misitu. Kijiji kinachotaka kuanza kutenga msitu kinashauriwa kuwasilisha nia yake kwa Afisa Misitu kupitia ofisi ya kata.

Jina la ndege huyu limebadilika vitabuni na huenda likabadilika tena. Makazi yake hayajabadilika: ni miombo iliyoachwa ikasimama.