Zimwi Lililochukiwa Lapata Mashabiki

Wahenga walinena kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Zimwi la sinema The Thing, iliyoongozwa na John Carpenter, halina huruma hiyo: humla mwenzako, kisha huvaa sura na sauti yake. Wanaume 12 wamekwama barafuni Antaktika, wala hakuna ajuaye ni nani bado binadamu.

Ilipotolewa Juni 1982, wiki mbili baada ya E.T., yenye mgeni mpole kutoka angani, wahakiki wengi waliikashifu kuwa kinyaa kitupu. Kanda za video ndizo zilizoifufua. Hadi leo mashabiki wanabishana: kati ya wale wawili wanaosalia mwishoni, je, mmoja ni zimwi?

Mzazi, itazame kwanza wewe, watoto wakishalala.