Je, Wajua? Kuchelewa Kulia na Mwandiko wa Sekondari

Mtoto aliyechelewa kulia alipozaliwa mara nyingi hukua vizuri tu. Lakini wachache hufika sekondari na kasoro ndogo za mfumo wa fahamu. Hawajapooza, hawana kifafa. Ila kalamu huishika kwa nguvu mpaka vidole vinauma, vifungo vya shati vinawapotezea muda, na kwenye msongamano wa Mtaa wa Lumumba, pale Mnazi Mmoja, kila mara wamemgonga mtu bega. Mtaani wanaitwa wavivu, na hilo si haki. Daktari huanza na vipimo visivyo na mashine: gusa pua yako, gusa kidole changu, haya, geuza viganja harakaharaka.

Chanzo kimojawapo cha kasoro hizo ni ubongo kukosa oksijeni wakati wa kuzaliwa. Ndiyo maana wakunga hufundishwa “dakika ya dhahabu”: mtoto asiyepumua akaushwe, asuguliwe mgongo, na akikawia apewe hewa kwa mfuko na barakoa. Mafunzo hayo yalipojaribiwa katika hospitali 8 za Tanzania, vifo vya watoto ndani ya saa 24 vilipungua kwa asilimia 47, kwa mujibu wa ripoti ya 2013.