Je, Wajua? Sensa ya Udongo

Je, wajua kwamba kwa miaka mingi wataalamu waliwahesabu bakteria wa udongo kwa njia mbili na kupata majibu yasiyokaribiana hata kidogo? Kwa darubini, gramu moja tu ya udongo wa shamba huwa na bakteria mamia ya mamilioni, pengine hata bilioni. Udongo huohuo ukioteshwa kwenye kisahani cha maabara, kwa kawaida wanaoota hawafiki hata mmoja katika mia. Wengi wa waliosalia si wafu. Chakula cha kisahani hakiwafai, au wamezoea kumtegemea jirani ambaye hayupo.

Mwaka 1990, huko Bergen, Norway, Vigdis Torsvik na wenzake waliachana na kisahani, wakavitoa vinasaba kwenye bakteria wa udongo wa msituni bila kuwaotesha. Vinasaba vikichemshwa, nyuzi zake mbili huachana. Vikipoa, kila uzi hutafuta mwenzake. Mchanganyiko ukiwa na aina nyingi, kutafutana huko huchukua muda mrefu. Kwa kupima muda huo tu, bila kusoma herufi hata moja ya vinasaba, walikadiria kuwa na aina 4,000 hivi za bakteria mkononi.

Leo herufi zinasomwa. Kinachotafutwa zaidi ni jeni ya 16S, ambayo kila bakteria anayo kwa sababu bila hiyo hawezi kutengeneza protini. Sehemu zake nyingine hazibadiliki, nyingine hutofautiana kati ya aina na aina, na hizo ndizo kitambulisho. Kazi yenyewe huanza na udongo kidogo, mara nyingi robo gramu, katika kijichupa chenye shanga ndogo sana, unaotikiswa kwa nguvu mpaka seli zipasuke. Hapo ndipo usumbufu unapoanza: vinasaba hutoka pamoja na asidi za mboji, na maji yanakuwa ya kahawia kama chai ya rangi. Zisipoondolewa, kipimo cha PCR kinachonakili vinasaba, kilekile tulichokizoea wakati wa Korona, hugoma.

Je, wajua kwamba bustani ya Central Park, katikati ya New York, imewahi kufanyiwa sensa ya namna hii? Matokeo yalitolewa mwaka 2014: sampuli 596, aina 167,169 za viumbe, wengi wao bakteria. Wasiofahamika katika kumbukumbu za sayansi walizidi asilimia 80. Tena hapo si msitu wa asili. Ni bustani iliyotengenezwa na watu katika karne ya 19, na sehemu ya udongo wake ilisombwa kutoka New Jersey. Hata hivyo, baadhi ya aina zilizoonekana humo zinapatikana pia jangwani, kwenye misitu ya tropiki na huko Aktiki.

Wingi huo wa aina usitudanganye. Uchunguzi wa maeneo 237 katika mabara sita, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba aina 511 tu, yaani asilimia 2 hivi ya zote, zilichukua karibu nusu ya bakteria wote waliosomwa.

Je, wajua kwamba misitu ya Amazon, inayosifika kwa miti na ndege wake, haiongozi kwa bakteria wa udongoni? Noah Fierer na Robert Jackson walilinganisha udongo wa Amerika Kaskazini na Kusini mwaka 2006. Kilichoamua zaidi wingi wa aina hakikuwa joto wala mvua bali ukali wa asidi, na udongo wenye asidi kali wa Amazon ya Peru ukashika mkia.

Jambo moja huitia doa sensa hii: huhesabu na marehemu. Vinasaba vya seli iliyokufa vinaweza kukaa udongoni miaka, na utafiti wa mwaka 2016 nchini Marekani ulikuta kwamba, kwa wastani, asilimia 40 hivi ya vinasaba vya bakteria na kuvu vilivyopimwa vilikuwa vya namna hiyo. Wanaotaka walio hai peke yao hutia kwanza dawa isiyoweza kupenya seli nzima, kisha humulika taa. Mwanga huifanya dawa ing'ang'anie vinasaba vilivyo nje ya seli, na PCR haiwezi tena kuvinakili.