Awaara na kesi ya mtoto wa nyoka

Wakili msichana anasimama mahakamani na kumhoji shahidi ambaye mwenyewe ni jaji. Anamuuliza kama ana mtoto. Ndivyo inavyofunguka Awaara, picha ya Kihindi ya mwaka 1951, na jibu la kweli halitoki mpaka karibu na mwisho.

Jaji Raghunath anaamini kwamba mtoto wa mwizi huwa mwizi. Waswahili wangesema mtoto wa nyoka ni nyoka. Kwa imani hiyo anamfunga Jagga, ambaye kosa lake ni kuzaliwa na mhalifu. Jagga anageuka jambazi kwelikweli, anamteka mke wa jaji, kisha anamrudisha akiwa mjamzito. Jaji anamshuku mkewe na kumfukuza. Mtoto, Raj, anakulia mitaa ya mabanda, na Jagga anamfunza wizi ili kulipiza kisasi.

Raj Kapoor aliiongoza picha hii na ndiye stelingi wake. Jaji ni baba yake mzazi, Prithviraj. Raj wa utotoni ni mdogo wake, Shashi. Ndiyo maana inauma sana kumwona mzee yule akimtazama Raj kizimbani, katika kesi ile ya mwanzo, bila kuitambua damu yake: nyuso zile zinafanana kweli.

Kuna kipande kifupi kisichosahaulika. Raj yuko gerezani, ameshika mkate, anasema kwamba angeupata huo huko nje asingeingia humo ndani. Hoja nzima ya picha imo katika mkate huo.

Urusi ya Kisovieti ilipoionyesha mwaka 1954, ziliuzwa tiketi takriban milioni 64. Unguja nayo iliipenda mno. Watu walitoka sinema wakijadili mapenzi, ndoa na haki ya kijana kujichagulia mwenzi. Rita, wakili anayeigizwa na Nargis, ana elimu na kauli yake, na anampenda mtu asiye na jina wala ukoo.

Hata hivyo, Raj anampiga Rita kofi ufukweni kwa kumwita mshenzi, na picha inalipamba tukio hilo kama mapenzi. Hapo Awaara imezeeka vibaya, na anayeipenda hana budi kulisema.

Kizimbani Raj haombi huruma. Anaiomba mahakama iwafikirie watoto wanaokulia kando ya mitaro kama alivyokulia yeye. Anahukumiwa miaka 3, na Rita anaahidi kumngoja.